Kipande cha Babu na Sketi Zangu za Marinda

Desemba 2022 nilikesha na daftari. Amri mpya ya kima cha chini cha mshahara ilikuwa inaanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, na kundi letu la biashara na viwanda lilikuwa limetoka shilingi 115,000 kwa mwezi hadi 150,000. Kile cha 115,000 kilikuwa kimekaa tangu 2013. Mimi nina karakana ya sare za shule hapa Ngamiani, Tanga. Wakati ule nilikuwa na mafundi saba, vyerehani saba na ovaloki moja, na kitambaa nilikata mwenyewe.

Mafundi wote niliwalipa kwa kipande. Sketi ya marinda shilingi elfu moja, shati hivyohivyo, kaptula pungufu kidogo. Novemba hadi Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, fundi mwepesi alitoka na zaidi ya laki mbili kwa mwezi. Aprili au Septemba, oda zikikauka, yuleyule aliondoka na elfu themanini. Kuna mwezi fundi mmoja alipokea elfu sitini na tano, akazihesabu mara mbili mbele yangu bila kusema neno. Nilikuwa nimejizoeza kujiambia kwamba msimu ni msimu. Sasa sheria ilikuwa inasema hata Aprili ni laki moja na nusu.

Hesabu nilizopiga usiku ule naziandika hapa kama zilivyokuwa. Siku za kazi kwa mwezi ni 26. Fundi wangu wa kawaida anamaliza sketi sita kwa siku bila kuharibu marinda. Sita mara 26 ni sketi 156, na nikimlipa 150,000 ufundi wa sketi moja ni kama shilingi 961. Hapo hakuna shida, ni chini kidogo hata ya elfu moja niliyokuwa nalipa. Shida ni mwezi wa oda chache. Nikiwa na kazi ya sketi 90 tu kwa kila fundi, ufundi wa sketi moja unafika 1,667, na kwa bei ya elfu kumi na mbili niliyokuwa nauza, ukitoa kitambaa, zipu, uzi, pango na umeme, sibaki na kitu.

Ndipo likanijia wazo ambalo nililiona la akili sana. Nitalipa 150,000 kama sheria inavyotaka, lakini nitaweka kipimo: sketi nane kwa siku. Asiyefikisha nane, siku yake haihesabiki. Nane mara 26 ni 208, na ufundi wa sketi unashuka hadi shilingi 721. Mafundi sita wangefanya zaidi ya kazi ya saba. Nikalala nimeridhika. Sheria nitakuwa nimeitii na gharama itakuwa imeshuka.

Mwisho wa wiki ule nilikwenda Korogwe kumsalimia babu mzaa baba. Ana umri wa kupita miaka themanini, masikio bado mazima, mikono imejaa makovu ya mkonge kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nilimweleza mpango wangu wote huku nikimmenyea chungwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza:

"Hiyo nane umeitoa wapi?"

"Nimeipiga hesabu, babu."

"Nani ameishona?"

Nikakosa jibu. Hakuna aliyekuwa ameshona sketi nane kwa siku kwa mwezi mzima, hata mimi mwenyewe nilipokuwa kijana.

"Basi hicho ni kipande," akasema. "Kipande chetu kilekile. Walituongeza hela, halafu wakatuongeza shamba."

Kwa msomaji ambaye hakukulia kwenye mistari ya mkonge, nieleze. Babu ni Muha wa Kasulu. Aliletwa Tanga mwaka 1959 na SILABU, ofisi ya pamoja ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Walipanda treni kisha lori, kila mmoja na namba yake, na ndiyo sababu watu wa pwani waliwaita manamba. Wakifika walipewa chumba kambini, posho ya unga na maharage, na kadi iitwayo kipande. Kipande kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Lakini siku haikupimwa kwa jua kuchomoza na kuzama. Siku ilikuwa kazi: unakata majani, unaondoa miiba ya ncha, unafunga mafungu ya majani 30, unabeba mgongoni hadi kwenye reli ya vitoroli vinavyopeleka majani kwenye mashine ya korona kutoa singa. Utomvu unawasha ngozi mpaka usiku. Ukikamilisha idadi ya mafungu, nyapara anatia alama kwenye kipande. Usipokamilisha, jasho la siku hiyo halikuandikwa popote. Mtu aliweza kukaa kambini wiki sita au zaidi kabla kipande kimoja cha siku 30 hakijajaa na yeye kulipwa.

Kisha ukaja Uhuru, Desemba 1961, na serikali mpya haikukaa sana kabla ya kugusa mishahara. Iliundwa bodi ya kima cha chini chini ya uenyekiti wa Donald Chesworth, na kufikia 1963 kima cha chini Dar es Salaam kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Niliposoma namba hiyo nilishtuka kidogo. Ni namba yangu mwenyewe, ukiondoa sifuri tatu. Mashambani nako mishahara ilipanda kwa kiasi ambacho watu wa kizazi cha babu hawakuwahi kukiota, kwa sababu vyama vya wafanyakazi siku hizo vilikuwa na nguvu, na TFL, shirikisho lao, lilikuwa limeshiriki kikamilifu kudai Uhuru.

Mashamba yalifanya nini? Kwa shamba alilokuwa babu, anasema, kwanza posho ilikatwa: sasa mna hela, nunueni unga wenyewe. Pili idadi ya mafungu ya kazi moja iliongezwa. Tatu, na hili alilisema taratibu, watu wakimaliza kipande hawakuitwa tena. Hapakuwa na siku ya kufukuzana. Nyapara alisoma majina asubuhi, na jina lako halimo. SILABU, ambayo kazi yake ilikuwa kwenda mbali kutafuta watu, ikakosa sababu ya kuwepo.

Jambo ambalo limenikaa kichwani ni mwaka 1964. Mwaka ule nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, nyingi kuliko mwaka wowote kabla au baada yake, na hakuna nchi duniani iliyotufikia. Mkonge ulikuwa mwingi kuliko wakati wote, na waliokuwa wanaukata walikuwa wamepungua. Watu wengi wanapoeleza kuanguka kwa ajira ya mkonge wanataja nyuzi za plastiki zilizoshusha bei ya singa katika soko la dunia. Ni kweli bei ilianguka na ikaumiza vibaya, mashamba yakaoza, na hadi leo ukipita barabara ya Segera utaona reli za vitoroli zimemezwa na vichaka. Lakini bei ilianguka baadaye. Mwaka 1963 na mwanzoni mwa 1964 bei ilikuwa juu sana, na watu walikuwa tayari wameanza kuachwa. Kwa hiyo siwezi kuisingizia plastiki miaka ile ya kwanza. Mshahara ulipanda, mwenye shamba akatazama upya idadi ya mikono aliyokuwa nayo.

Serikali nayo iliona. Mwaka 1967 Profesa H. A. Turner wa Cambridge, aliyekuja kupitia Shirika la Kazi Duniani, alitoa ripoti iliyosema mishahara imekwenda haraka kuliko uzalishaji wa nchi na ajira imepungua. Mwaka huohuo ukatoka Waraka wa Serikali namba 4 wa 1967, uliofunga ongezeko la mishahara kwenye asilimia 5 kwa mwaka. Wakati huo TFL ilikuwa imeshavunjwa na NUTA kuwekwa mahali pake, mwaka 1964, ikiwa chini ya chama na serikali, kwa hiyo hapakuwa na wa kupinga kwa sauti kubwa. Ndani ya miaka mitano nchi ilitoka kuamini kwamba mshahara unapandishwa kwa amri, ikaamini kwamba mshahara unazuiwa kwa amri.

Nilimuuliza babu: basi ongezeko lile lilikuwa baya? Alinitazama kama nimemuuliza kama mvua ni mbaya. Kabla ya hapo, alisema, hakuna aliyekuja Tanga kuishi. Ulikuja kujaza kipande, ukapata hela ya kodi na baiskeli, ukarudi kwenu. Hela ile haikutosha mke. Mshahara ulipopanda, yeye akiwa miongoni mwa waliobaki kwenye orodha, aliandika barua Kasulu, na bibi akaja. Baba yangu alizaliwa Korogwe mwaka 1965. Mimi niko Tanga, nashona sare Tanga, watoto wangu wanaongea Kiswahili cha Tanga, kwa sababu ya mshahara ule.

Lakini alikuwapo mwenzake mmoja, wa kijiji kimoja, waliyepanda naye lori moja mwaka 1959. Alikuwa na kifua kibovu. Mafungu ya zamani aliyaweza, mapya hakuyaweza. Babu alimsindikiza hadi stesheni ya Korogwe na hawakuonana tena. Babu hamtaji mara kwa mara. Siku ile alimtaja.

Mimi nimezaliwa upande wa waliobaki. Mijadala ya kima cha chini kila Mei Mosi nimeisikiliza maisha yangu yote nikiwa upande huo bila kujua, na nadhani wengi wetu tunaoandika na kusoma mambo haya tuko upande huo. Ambaye jina lake halikusomwa asubuhi hana mjukuu wa kumwandikia.

Baada ya siku ile nilianza kusoma. Somo la uchumi tulilofundishwa sekondari linasema kazi ni kama nyanya sokoni: ukipandisha bei, wanunuzi wanapungua. Ni somo lenye ukweli ndani yake, lakini linadhani soko lina wanunuzi wengi na muuzaji anaweza kumwacha huyu akaenda kwa yule. Mwaka 1933 Joan Robinson, mwalimu wa Cambridge, alionyesha hali inavyobadilika mnunuzi wa kazi akiwa mmoja, au wachache waliokubaliana. Mnunuzi huyo hulipa chini ya thamani anayoipata, na huajiri wachache kuliko ambavyo soko lenye ushindani lingeajiri, kwa sababu kila akitaka kumvuta mtu mmoja zaidi kwa kuongeza dau, inambidi awaongeze wote. Katika hali hiyo, sheria ikiweka kima cha chini kwa kiasi, mshahara unaweza kupanda na kazi zisipungue, pengine hata zikaongezeka. Niliposoma hayo nilimwona SILABU mbele yangu. Wenye mashamba ya mkonge wa nchi nzima walikuwa na ofisi moja ya kutafuta watu, kusudi wasipandishiane bei. Kama kuna mahali nadharia ya Robinson iliwahi kuvaa nguo na kutembea, ni stesheni ya Kigoma enzi zile, karani wa SILABU akiwa na daftari lake la namba.

Dunia nzima ilianza kulijadili hili kwa ukali baada ya mwaka 1992. Jimbo la New Jersey huko Marekani lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05, na jirani yake Pennsylvania hakupandisha. David Card na Alan Krueger waliuliza mikahawa 410 ya chakula cha haraka pande zote mbili, kabla na baada. Hawakukuta kwamba New Jersey ilipoteza ajira kwa kulinganisha na jirani yake. Utafiti huo uliotoka 1994 uligombaniwa kwa miaka mingi, na mwaka 2021 Card akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Krueger alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Ujerumani walipoweka kima cha chini cha taifa kwa mara ya kwanza, yuro 8.50 kwa saa kuanzia 1 Januari 2015, wengi walitabiri maafa. Hayakuja. Watafiti waliofuatilia walikuta baadhi ya wafanyakazi wamehama kutoka kampuni ndogo zenye tija ndogo kwenda kwenye kubwa zinazolipa vizuri zaidi.

Ni habari njema, na nilitaka sana kuishia hapo. Ila babu alikuwa amenipa mfano unaokataa. Mashamba ya mkonge yalikuwa mnunuzi mmoja, nadharia ilitaka watu wasipungue, na walipungua.

Kilichonisaidia kuelewa ni Afrika Kusini, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu nadhani huko ndiko jibu lilipo. Novemba 2002 serikali ya huko iliweka kima cha chini kwa wafanyakazi wa majumbani. Machi 2003 ikaweka kwa wafanyakazi wa mashambani. Ilikuwa nchi ileile, ndani ya miezi minne, na kundi lilelile la watu maskini. Taryn Dinkelman na Vimal Ranchhod walifuatilia wafanyakazi wa majumbani, wakakuta mishahara imepanda kwa kiasi cha asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja na kidogo, na hawakuona upungufu wa maana wa ajira wala wa saa za kazi, ingawa wakaguzi walikuwa wachache mno kuweza kumtisha mtu. Haroon Bhorat, Ravi Kanbur na Benjamin Stanwix walifuatilia mashamba. Huko mishahara ilipanda kwa kiasi cha asilimia 17, mikataba ya maandishi ikaongezeka, na ajira ikapungua kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini nyumbani pasipungue na shambani papungue? Nina maoni yangu, na ni ya mshona nguo. Nyumba inahitaji mtu mmoja. Huwezi kuajiri mtu na robo tatu. Mtoto analia palepale, vyombo ni vilevile, na mama mwenye nyumba akimwachisha dada kazi ataosha yeye. Shamba lina mikono mia. Mikono mia unaweza kuifanya themanini ukibadilisha kipimo, ukileta mashine kidogo, ukichagua wenye nguvu na kuwaacha wenye kifua kibovu. Sheria inaposhika bei na kuacha kipimo, mwenye uwezo wa kubadilisha kipimo atakibadilisha. Na karakana yangu, hata kama ni ndogo, inafanana na shamba kuliko inavyofanana na nyumba. Mimi ndiye niliyekaa usiku nikaandika nane.

Wakulima wa zabibu wa De Doorns, katika Rasi ya Magharibi hukohuko Afrika Kusini, walipitia duru ya pili. Vibarua waligoma mwishoni mwa 2012, barabara kuu ikafungwa, na kufikia Machi 2013 kima cha siku kilitoka randi 69 hadi 105. Zaidi ya nusu kwa mkupuo mmoja. Nawaelewa waliogoma kwa moyo wote, kwani randi 69 ilikuwa fedheha. Lakini kiwango kinapoachwa kilale miaka mingi kisha kiamshwe kwa kishindo, mwenye shamba anapata sababu ya kupanga upya kila kitu kwa usiku mmoja. Kwetu kililala tangu 2013 hadi mwisho wa 2022. Uganda kimelala tangu 1984 kikiwa shilingi 6,000 za huko kwa mwezi, fedha isiyotosha kununua kilo moja ya nyama. Bunge lao lilipitisha muswada mpya mwaka 2019 na Rais hakuutia saini. Kiwango cha aina hiyo hakimfukuzishi mtu kazi wala hakimlindi mtu.

Na tukiwa bado kwenye nyumba, niseme la dada wa kazi, maana ndipo kipimo hakipo kabisa. Amri ya 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wa kawaida, kutoka 40,000. Anayekwenda na kurudi aliwekewa 120,000. Tofauti hiyo inaelezwa kwa chakula na malazi. Lakini anayelala kwako ndiye anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto, na ndiye anayefungua geti saa tano usiku. Nairobi, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kuanzia Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 za Kenya, mara kadhaa ya hicho chetu ukibadilisha fedha, na hata huko ukiuliza mtaani utasikia wengi hawakifikii. Mimi mwenyewe nilikuwa na binti nyumbani niliyemlipa elfu hamsini mwaka ule wa 2022, nikijiona mwema kwa sababu sheria ya wakati huo ilitaka arobaini. Sijawahi kumhesabia saa zake hata siku moja, na sketi nilihesabu mpaka ya mwisho.

Turudi karakana. Ile nane niliifuta. Niliwaita mafundi wote kabla ya Mwaka Mpya, nikawaambia mshahara ni 150,000, kipimo ni sita, na kila sketi juu ya 156 kwa mwezi inalipwa elfu moja yake. Fundi mkubwa, mama mwenye vidole vya haraka kuliko wote, aliuliza: "Na mwezi usio na oda?" Nikamwambia mwezi usio na oda tutashona akiba. Sikuwa na fedha ya akiba. Nilikwenda SACCOS nikakopa, nikanunua marobota ya kitambaa cheupe na cha bluu, na kuanzia Machi tukashona mashati na sketi za saizi za kawaida bila nembo, tukayapanga kwenye magunia mpaka dari. Niliishi miezi ile na hofu ya panya na ya mvua.

Bei ya sketi niliipandisha kutoka 12,000 hadi 13,000. Wazazi walinung'unika na wakanunua. Shule moja iliyokuwa inaniletea oda ya jumla ilihamia kwa mfanyabiashara wa Dar aliyeshusha bei, na deni la muhula uliopita wakanilipa baada ya miezi minane. Hiyo iliniuma.

Halafu katikati ya 2023 fundi mmoja aliolewa, akahamia Handeni. Sikuweka mtu mahali pake. Hakuna aliyenilazimisha na hakuna aliyeona. Kwa mshahara wa zamani ningemweka mtu wiki ileile, kwa sababu fundi wa kipande asiye na kazi hakunigharimu chochote. Sasa fundi alikuwa ananigharimu 150,000 hata akikaa. Mabinti watatu walipita kuuliza nafasi mwaka ule, mmoja ametoka VETA na cheti chake kwenye bahasha. Niliwaambia hakuna kazi kwa sasa. Ningehojiwa na mtafiti ningesema kweli tupu kwamba sijafukuza mtu, na angeandika hivyo.

Kwa upande wa pili kuna jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 2022 niliondokewa na mafundi wanne. Fundi alikaa miezi mitatu, akapata mahali pa kuongezewa mia mbili kwa shati, akaondoka, na mimi nikaanza upya kumfundisha mwingine marinda yangu. Fundi mpya anaharibu kitambaa miezi miwili ya kwanza, na kitambaa ni ghali kuliko ufundi. Tangu 2023, ukimtoa aliyeolewa, hakuna aliyeondoka. Sita waliobaki sasa wanashona saba kwa siku bila mimi kuwaambia, kwa sababu wamekaa kwenye cherehani ileile miaka karibu mitatu na mkono umezoea. Ile nane yangu ya kwenye daftari huenda wakaifikia wenyewe, na kila inayozidi sita nailipa. Kitambaa kinachoharibika kimepungua mpaka nanunua robota moja pungufu kwa msimu. Gharama hiyo ya kuondokewa na watu sikuwa nimewahi kuiandika popote. Nilidhani ni hali ya mafundi, wako hivyo. Kumbe nilikuwa nailipa mimi kila miezi mitatu.

Kwa hiyo kwangu ongezeko la 35,000 kwa mwezi limefanya mambo matatu kwa wakati mmoja: limewatuliza sita, limemnyima kazi mmoja ambaye hata simjui jina, na limemfanya mzazi alipe elfu moja zaidi kwa sketi. Siwezi kukueleza kwa karakana moja nchi nzima ikoje. Wengi wa wafanyakazi wetu wako mashambani mwao, kwenye vibanda na bodaboda, mahali ambapo hakuna mwajiri wa kumsomea amri. Ila ninajua pa kuangalia sasa. Nikisikia kima kimepanda, siulizi kwanza wangapi wamefukuzwa. Nauliza kipimo cha kazi kimekuwa kiasi gani, posho imekwenda wapi, na nani hajaitwa. Na ningependa maafisa kazi waulize hivyohivyo wanapokuja na fomu zao, badala ya kutazama karatasi ya malipo pekee. Karatasi yangu ya malipo ingekuwa safi kabisa na ile nane.

Oktoba 2025 serikali ilitangaza viwango vipya, vya kuanza 1 Januari 2026. Wastani wa sekta binafsi ulitoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Safari hii imechukua miaka mitatu badala ya karibu kumi, na hilo nimelishukuru. Jana usiku nimefungua daftari tena. Babu amelala chumba cha pili, yuko kwangu tangu Agosti kwa matibabu ya macho. Nimeandika sita juu ya ukurasa kabla ya kuandika namba nyingine yoyote, kisha nikaanza kushuka.

Cherehani ya saba bado iko pembeni, imefunikwa kitenge. Nimeipaka mafuta leo asubuhi na kujaribu mshono wake kwenye kipande cha tetroni. Binti wa VETA aliniachia namba yake ya simu nyuma ya ile bahasha, na hesabu ikinifikisha mwezi wa Aprili bila kukopa tena, nitampigia.